Magugu Yasiyokufa kwa Dawa

Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la machifu, walimu na wakulima



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya palizi. Yamkini mtu atauliza moyoni mwake, "Makarani wajua nini habari za palizi? Jembe lao ni kalamu." Ni kweli kazi yetu ni kuandika na kuhesabu. Walakini habari tunayowaleteeni leo ni habari ya hesabu hasa, na mtu asiyeifahamu aweza kulipoteza shamba lake huku akidhani kuwa analilinda. Basi twawaombeni mtuvumilie mpaka mwisho, kisha mtuulize mtakalo.

Ninyi mwajua kuliko sisi kwamba hapana kazi ya shamba iliyo nzito kama palizi. Kulima kuna siku zake, na kuvuna kuna furaha yake. Palizi huja wakati wa mvua, ghala linapokuwa limekwisha, na haingoji. Mkulima akichelewa juma mbili, mahindi huwa manjano, na hasara ile hairudi tena hata akipalilia vizuri namna gani. Tena katika nchi zetu mzigo huu umewaangukia zaidi wanawake na watoto. Mwalimu yeyote aliye hapa aweza kutuambia jinsi madawati yanavyobaki matupu majira ya palizi.

Kwa hiyo hatushangai kuona watu wengi wamependa dawa ya kuua magugu. Mtu huvaa bomba mgongoni asubuhi, na kabla ya jua kuwa kali amemaliza kazi ambayo ingewachukua watu wa nyumba nzima siku nyingi. Hatukuja kuisema vibaya dawa hii. Tumekuja kwa sababu twataka idumu. Maana kuna hatari kwamba wale watakaokuja baada yetu watairithi chupa, na nguvu iliyomo ndani yake itakuwa imekwisha kupotea.

Jambo lenyewe ni hili. Katika nchi nyingi za dunia yametokea magugu ambayo mtu huyanyunyizia dawa njema, kwa kipimo chake, kwa wakati wake, wala hayafi. Habari hii si ya jana. Dawa iitwayo 2,4-D ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1940, na kufikia mwaka 1957 magugu yasiyoisikia yalikuwa yamekwisha kuonekana katika mashamba ya miwa huko Hawaii, na kadhalika huko Kanada. Tangu hapo hesabu imeongezeka mwaka kwa mwaka, na leo aina za magugu zilizoandikwa kuwa hushinda dawa hii au ile zimepita 260.

Dawa inayojulikana sana kwetu ni glaifosati. Ilianza kuuzwa mwaka 1974, na kwa miaka zaidi ya 20 watu walidhani kwamba hapana gugu litakaloishinda. Mwaka 1996 ikapatikana habari kutoka Australia kwamba majani fulani ya malisho hayafi tena kwayo. Mwaka uliofuata, yaani 1997, ikatoka habari kama hiyo Malaysia, na safari hii gugu lenyewe lilikuwa ndugu wa ulezi, ambalo hata huku kwetu huota njiani na mashambani. Baada ya mwaka 2000 mambo haya yakaonekana katika bara letu wenyewe, katika mashamba ya mizabibu na matunda ya Afrika ya Kusini. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu.

Sasa na tuitazame nchi moja iliyopata mafundisho haya kwa gharama kubwa. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, wakulima hulima pamba nyingi. Mnamo miaka ya mwisho ya 1990 walianza kupanda mbegu za pamba zilizotengenezwa na wataalamu ili zisife kwa glaifosati. Mkulima aliweza kunyunyizia shamba zima, magugu yakafa, pamba ikabaki imesimama. Wakulima walifurahi sana. Wengi wakaacha plau, wakaacha dawa nyingine, wakategemea dawa ile moja, mwaka baada ya mwaka, shamba baada ya shamba.

Katika mashamba yale kuna gugu la jamii ya mchicha. Msidhani kuwa ni mchicha huu wa mboga tunaoujua, ulio mpole. Mchicha ule hukua kwa haraka ya ajabu, hupita urefu wa mtu, na mmea mmoja wa kike ukipata nafasi huweza kuzaa mbegu laki kadhaa. Mwaka 2004, katika wilaya ya Macon, wakulima waliona shamba la pamba ambalo mchicha haukufa. Wataalamu walipoupima, waliupa dawa kwa kipimo cha mara 3 ya desturi, ikaua sehemu ndogo tu. Kwa miaka michache gugu hilo likaenea katika mashamba mengi ya jimbo lile na ya majimbo mengine. Lilisafiri kwa mbegu zilizoshika katika mashine, kwa samadi ya ng'ombe waliolishwa chakula chenye mbegu, na hata kwa unga wa maua unaochukuliwa na upepo kutoka mmea wa kiume hadi wa kike.

Mwisho wake ulikuwa nini? Wakulima wenye matrekta makubwa, ambao kwa miaka mingi hawakufikiri habari za jembe la mkono, walilazimika kuajiri watu kuingia katika pamba wakang'oe na kulima kwa mikono. Walirudia plau ili kuzifukia mbegu chini sana. Walinunua dawa nyingine juu ya ile ya kwanza, na gharama ikapanda. Wale walikuwa na mali, wakaweza kulipa. Sisi tutalipa kwa nini? Vijana wetu wengi wamekwenda mijini, na nyumba nyingi zimepunguza mikono kwa kutumainia bomba. Siku dawa itakaposhindwa, jembe litarudi kwa mama na kwa mtoto wa shule, nao watakuwa wachache kuliko zamani.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili hutokea, maana mtu asiyejua sababu hawezi kujua tiba. Watu wengi husema, "Magugu yameizoea dawa," kama mlevi azoeavyo pombe. Sivyo. Gugu moja haliizoei dawa. Lililo dhaifu hufa siku ile ile ya kwanza. Lakini Mungu hakuumba viumbe viwili vilivyo sawasawa kabisa. Katika shamba lenye magugu mengi mno, huenda limo moja ambalo tangu kuzaliwa kwake lina kitu kidogo tofauti mwilini, nalo halifi. Dawa haikulifanya liwe hivyo. Kazi ya dawa ilikuwa kuwaua jirani zake wote, na kuliachia uwanja peke yake, pamoja na mbolea, na maji, na jua.

Kwa mfano, glaifosati huua kwa kuziba kimeng'enya kimoja ambacho mmea hukitumia kujitengenezea chakula cha kujenga mwili wake. Ni kama kuufunga mlango mmoja wa nyumba, wenyeji wakafa njaa ndani. Mwaka 2010 wataalamu walieleza kwamba ule mchicha wa Georgia, katika urithi wake, una nakala nyingi za maagizo ya kutengeneza kimeng'enya hicho, na mingine ina nakala zaidi ya 100. Mwenye dawa hufunga mlango mmoja, na nyumba ina milango mia.

Sasa ifuateni hesabu tuliyoisema. Huu ni mfano tu, ili jambo lionekane wazi. Tuseme katika shamba lako yameota magugu 1,000,000, na moja tu ndilo lisilokufa. Umenyunyizia, shamba limekuwa safi, nawe umeshukuru. Lile moja limesimama pembeni, hukuliona, au umeliona ukasema si kitu. Limezaa mbegu 10,000. Tuseme katika kila mbegu 100 imeota moja tu na kukua. Mwaka wa pili utakuwa na magugu 100 yasiyokufa. Shamba bado laonekana safi, kwa maana magugu 100 katika shamba zima ni machache. Mwaka wa tatu yatakuwa 10,000, nawe utaanza kumlaumu mwenye duka kwamba amekuuzia dawa mbovu. Mwaka wa nne yatakuwa 1,000,000, yaani sawasawa na hesabu ya kwanza, ila sasa hayafi hata moja.

Angalieni vizuri mwaka ule wa pili. Magugu 100 mtu aweza kuyang'oa kwa mkono kabla ya chakula cha mchana. Mwaka wa nne hata kijiji kizima hakitoshi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wenyewe ni mwaka wa pili, wakati ambapo kila mtu husema shamba ni safi.

Jambo hili si geni kwetu. Walimu na wazee wanaikumbuka klorokwini, vidonge vichungu tulivyovimeza sote tulipokuwa na homa. Ilikuwa dawa njema na ya bei rahisi, ikaponya watu wasio na idadi. Lakini vijidudu vichache visivyokufa vilibaki na kuongezeka, hata Kenya mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001, zikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Ndiyo hesabu ile ile, ila shamba lake lilikuwa damu ya watu.

Hata hivyo mtu asikimbilie kusema kwamba kila gugu lililobaki limeishinda dawa. Mara nyingi kosa ni letu au la muuzaji. Huenda dawa ilighushiwa dukani. Huenda maji yalikuwa ya matope, maana udongo huikamata glaifosati na kuiondolea nguvu. Huenda mvua ilinyesha mara baada ya kunyunyizia, au magugu yalikuwa yamekwisha kuwa makubwa. Ishara za gugu lililoishinda dawa ni hizi. Kwanza, aina nyingine zote zimekufa, ila aina moja imebaki. Pili, katika aina hiyo moja, mmea mzima na mmea uliokufa husimama ubavu kwa ubavu, ingawa vyote viwili vilipata dawa. Tatu, mahali pale palikuwa na kishungi kidogo mwaka jana, na mwaka huu kimepanuka. Mkulima akiona mambo haya matatu pamoja, asiongeze dawa. Aende kwa bwana shamba upesi, na huku nyuma ayang'oe yaliyobaki.

Sasa twaja kwenye dawa ya jambo lenyewe, na hapa twataka kuwapeni mfano wa Australia, kwa kuwa wakulima wa huko waliumia mapema, wakajifunza mapema. Katika sehemu za magharibi ya nchi ile hulimwa ngano nyingi, na ndani yake huota yale majani ya malisho tuliyoyataja. Majani hayo yalishinda dawa moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba mengine yalishinda hata dawa ambazo hayajapata kunyunyiziwa, kwa sababu miili yao ilikuwa na uwezo wa kuivunja sumu kabla haijafanya kazi. Hapo wakulima wakaona kwamba kubadilisha chupa peke yake hakutoshi.

Wakatafuta udhaifu wa adui, wakauona. Wakati wa mavuno, mbegu nyingi za majani yale bado zimeshika juu ya mabua, hazijaanguka. Mashine ya kuvuna ilikuwa ikizikata pamoja na ngano, kisha ikazitupa nyuma pamoja na makapi, shamba zima. Kumbe mkulima mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpandia adui yake. Basi wengine wakaanza kuyakusanya makapi katika gari na kuyaondoa, na wengine wakayapanga mistari miembamba na kuyachoma. Mkulima mmoja wa Darkan, Bwana Ray Harrington, akaunda mtambo wa kuziponda mbegu zilizomo katika makapi, nao huharibu zaidi ya 9 katika kila 10. Mbegu za majani yale hazidumu miaka mingi udongoni. Kwa hiyo mtu aliyezuia mbegu mpya kwa miaka michache mfululizo aliona shamba likitakata, hata kama dawa zake nyingi zilikuwa zimekufa.

Nguvu ya jambo hili yote imo katika mbegu. Gugu lililobaki likiondolewa kabla ya kuzaa, hesabu yetu ya miaka minne hukatika mwaka wa kwanza. Na hapa maskini ana nafasi iliyo sawa na ya tajiri, maana jicho na mkono havinunuliwi dukani. Basi twawaombeni mshike mambo matano.

La kwanza: baada ya kunyunyizia, rudi shambani. Wengi hunyunyizia kisha hawaonekani tena mpaka mavuno. Baada ya wiki mbili au tatu pita mstari kwa mstari, ung'oe kila gugu lililobaki zima. Yakiwa yamekwisha kutoa mbegu, yatie katika gunia, uyatoe shambani na kuyachoma. Usiyatupe mpakani, wala usiwape ng'ombe, kwa maana mbegu nyingine hupita tumboni salama na kurudi shambani ndani ya samadi.

La pili: usitumie dawa ya aina moja tu miaka yote. Jihadharini hapa, maana kubadilisha jina la chupa si kubadilisha dawa. Majina ya biashara ni mengi, na mara nyingi ndani yake mna dawa ile ile moja. Soma jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo. Asiyejua kusoma amwombe mwalimu au mtoto wake.

La tatu: kipimo kisipunguzwe. Mtu mwenye kunyoosha chupa moja kwa shamba linalohitaji mbili hana akiba aliyoipata. Magugu yenye nguvu ya nusu hupona, yakazaa watoto wenye nguvu zaidi. Nyunyizia magugu yakiwa madogo, kwa maji safi, na ujifunike mikono na uso.

La nne: palizi isiachiwe dawa peke yake. Badilisha mazao, maana gugu lipendalo mahindi halipendi kila zao. Panda kunde, fiwi au maharage kati ya mistari ili ardhi ifunikwe upesi. Acha mabua juu ya udongo. Wengi wenu mmesikia habari za Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ambako wataalamu waliwafundisha wakulima kupanda desmodiamu kati ya mahindi. Mizizi yake huiotesha mbegu ya kiduha pasipo kuipa mahali pa kushika, ikafa. Hapo gugu hushindwa kwa mmea, bila bomba.

La tano: safisha vyombo. Trekta na mashine ya kukodi ikitoka shamba la mtu, ifagiliwe kabla haijaingia katika lako. Mbegu ya kupanda ichekechwe.

Mabwana Machifu, jambo hili halimalizwi na mtu mmoja. Mbegu haijui mpaka wa shamba, na mchuma janga hula na wa kwao. Twawaombeni mwaagize watu wafyeke kando za njia na mipaka kabla magugu hayajazaa, na kila kijiji kiwe na mtu wa kupeleka habari kwa bwana shamba mara gugu lisilokufa linapoonekana. Tena aliye na gugu hilo asionewe haya wala asilaumiwe, ili watu wasilifiche mpaka liwe janga la wote.

Nanyi Walimu, shamba la shule latosha kuwa darasa. Pimeni hatua kumi kwa kumi. Watoto wahesabu magugu kabla ya dawa na baada yake, waandike aina zake katika daftari, na mwaka ujao wahesabu tena mahali pale pale. Mtoto aliyeona 1 kuwa 100 kwa macho yake hatahitaji kuhubiriwa, na jioni atamweleza baba yake nyumbani.

Tumesema tulikuja na hesabu, nayo ndiyo hii: gugu moja lililoachwa leo ni mzigo wa watu wengi mwaka wa nne. Dawa tuliyo nayo bado ina nguvu katika mashamba mengi, na dawa mpya zenye namna mpya ya kuua zimekuwa haba sana kwa miaka mingi. Basi tuitumie hii kwa akili. Msimu huu, bomba likishawekwa ghalani, kila mtu na arudi shambani mwake mara moja zaidi, mikono mitupu, atafute lile moja.

Hayo ndiyo maneno yetu. Mwenye swali na aulize.